Mwezi wa Kusubiri: Historia ya Kuwasha Kifaa cha Koklea, Ikitazamwa Kutoka Minembwe

Mtu anaingia chumba cha upasuaji akiwa kiziwi, anatoka akiwa kiziwi vilevile. Ndivyo ilivyokuwa kwa wengi waliopandikizwa kifaa cha koklea tangu miaka ya 1980, na ndugu wanaomuuguza mgonjwa mara nyingi huduwaa wanapolitambua hilo. Kifaa kimo kichwani, mshono umefungwa, fedha zimekwenda, na kimya kiko palepale.

Sababu ni kwamba kifaa chenyewe ni nusu mbili. Nusu moja daktari huizika chini ya ngozi, nyuma ya sikio, na kutoka hapo uzi mwembamba wenye elektrodi hupenyezwa ndani ya koklea, ule mfereji uliojisokota ambamo sauti hugeuka kuwa umeme wa neva. Nusu ya pili huvaliwa nje: maikrofoni, betri na kompyuta ndogo, pamoja na koili inayoshikwa kichwani kwa sumaku. Mpaka mtaalamu wa usikivu azikutanishe nusu hizo, apime na kuwasha, mgonjwa hana alichopata zaidi ya kidonda.

Kati ya siku ya kisu na siku ya kuwasha, dunia kwa muda mrefu iliweka takriban mwezi mmoja. Ukiwa unakaa mtaa wa pili kutoka kliniki, mwezi huo ni wa subira tu. Ukitoka Minembwe, kwenye nyanda za juu za Fizi huko Kivu Kusini, ni jambo jingine. Huko hakuna barabara ya lami. Watu hushuka kwa miguu, kwa pikipiki msimu ukiruhusu, au kwa ndege ndogo kwa wenye uwezo, na wakati wa mapigano hawashuki kabisa. Anayefikiria matibabu ya mbali hujiuliza kwanza atalazimika kupanda na kushuka mara ngapi. Mwezi wa kusubiri una maana ya safari ya pili, au chumba cha kupanga ugenini. Kwa hiyo ni haki kuuliza ulitoka wapi, nani aliuweka, na kama ulikuwa wa lazima.

1800 hadi 1961: umeme usiongoja

Aliyeanza hakungoja hata dakika. Alessandro Volta, Mwitaliano aliyevumbua betri, alijitia vyuma masikioni akaviunganisha na rundo lake la metali. Kwa barua iliyofika Royal Society ya London mwaka 1800, alieleza kwamba alipata mshtuko kichwani na kisha mlio kama wa kitu kizito kinachochemka. Hakutamani kurudia. Lakini swali lilikwisha kuulizwa: je, umeme unaweza kuwa sauti?

Jibu la kitabibu lilipatikana Paris tarehe 25 Februari 1957. Charles Eyriès, daktari wa masikio, alikuwa akimpasua mgonjwa ambaye maradhi ya masikio yote mawili yalikuwa yamemwachia uziwi na uso uliopooza. Kazi ya siku hiyo ilikuwa kutengeneza neva ya uso. Mwenzake André Djourno, mtaalamu wa umeme wa mwili, alikuwa na koili aliyoitengeneza mwenyewe, nao wakaiweka, waya wake ukigusa kilichobaki cha neva ya kusikia. Mkondo ulijaribiwa wakati wa upasuaji uleule, na mazoezi yakafuata. Mgonjwa alisimulia milio kama ya nyenje. Baadaye aliweza kutofautisha maneno machache yaliyozoeleka, ingawa mazungumzo hakuyapata. Koili ile iliharibika baada ya muda mfupi, ya pili nayo ikaharibika, na Eyriès akakataa kuweka ya tatu.

Habari hizo zilimfikia William House wa Los Angeles. Mwaka 1961 alianza kuwawekea wagonjwa wake waya, na hapa nako hakukuwa na mwezi wowote wa kusubiri, kwa sababu waya ulipita kwenye ngozi ukatokeza nje. Ulipotaka kujaribu, uliunganisha. Ubaya wa njia hiyo haukukawia kuonekana: mwili uliwaka, ngozi ikavimba, waya zikatolewa. House alikaa miaka kadhaa kabla ya kurudi kazini na vifaa vinavyovumilika mwilini.

Kumbe katika miaka hiyo ya mwanzo kuwasha papo kwa hapo ndiko kulikokuwa kawaida, na kilichokosekana ni ngozi iliyofungwa salama. Kusubiri kulikuja pale mafundi walipofaulu kukizika kifaa chote ndani ya mwili.

1978: Melbourne

Mwishoni mwa mwaka 1977 huko Vienna, Ingeborg Hochmair na mumewe Erwin walikuwa wamefikisha kifaa chao cha njia nyingi kwenye sikio la mgonjwa wa kwanza. Simulizi ya kuwasha, hata hivyo, ilikolea Australia. Graeme Clark, ambaye baba yake alikuwa mfamasia mwenye usikivu hafifu, alimpasua Rod Saunders tarehe 1 Agosti 1978 katika Hospitali ya Macho na Masikio ya Melbourne, akisaidiana na Brian Pyman. Saunders alikuwa amepoteza usikivu kwa ajali ya gari.

Clark hakuthubutu kuwasha siku ileile. Kifaa kilikuwa kikubwa, kidonda kirefu, na hofu ya maambukizi ilikuwa ya kweli: bakteria wakifuata ule uzi wa elektrodi hadi ndani ya sikio, hawako mbali na ubongo. Wiki zilipita. Saunders alipoketishwa mbele ya mitambo hakusikia kitu chenye maana. Unaweza kufikiria hali ya chumba kile: miaka zaidi ya kumi ya utafiti, fedha za michango zilizokusanywa hata kwa kipindi cha televisheni, na mgonjwa anatikisa kichwa. Baadaye ilionekana kwamba kasoro ilikuwa kwenye vifaa vya kupimia. Vilipotengenezwa, walimpigia wimbo wa taifa, ambao wakati ule bado ulikuwa God Save the Queen, na Saunders akasimama wima kwa heshima.

Tukio hilo lina mafunzo mawili ya kitabibu yaliyodumu. Kwanza, ngozi iliyopewa wiki kadhaa ilipona vizuri, na timu zilizofuata zikaiga. Pili, muda wa kusubiri ulikuwa pia muda wa kutojua. Daktari hakuwa na njia ya kuhakikisha, kabla ya siku ya kuwasha, kama neva inaitikia. Tatizo la ngozi na tatizo la kutojua yalifungwa pamoja katika kifurushi kimoja cha wiki nne, na kwa miaka mingi hakuna aliyeyafungua kuyatazama kila moja peke yake.

Sumaku na ngozi: 1984 hadi 2000

Mwaka 1984 kifaa cha House chenye njia moja kilipata kibali cha mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya kifaa cha Melbourne kwa watu wazima, na mwaka 1990 kwa watoto wa kuanzia miaka miwili. Tygerberg, karibu na Cape Town, ilianza kupandikiza mwaka 1986, na kwa muda mrefu huko kusini ndiko bara hili lilikotazama.

Katikati ya miaka hiyo ya 1980 jambo dogo lilibadilisha kalenda. Hapo awali koili ya nje ilishikiliwa kichwani kwa ukanda au kwa miwani. Sasa iliwekwa sumaku ndani na sumaku nje, zikavutana kupitia ngozi. Raha yake kubwa, kasoro yake moja: sumaku hubana ngozi ileile iliyotoka kukatwa. Na wapasuaji wa wakati huo walikata sana, wakifunua kipande kikubwa cha ngozi nyuma ya sikio kwa mkato uliopinda. Kipande hicho kikikosa damu ya kutosha, kingo zake hufa. Kikivimba, sumaku za pande mbili hazifikiani na koili haishiki. Kwa ngozi ya namna hiyo, wiki nne hadi sita zilikuwa busara.

Kulikuwa na sababu ya pili, ya umeme. Elektrodi ikishaingia kwenye majimaji ya koklea, mwili huizungushia utando wa protini, halafu kovu. Upinzani dhidi ya mkondo hupanda katika wiki za kwanza, kisha hushuka elektrodi zinapoanza kutumika. Mtaalamu anayewasha huandika kile wenyewe wanachokiita ramani: kwa kila elektrodi, kiwango cha chini kabisa ambacho mgonjwa anahisi na kiwango cha juu anachovumilia bila maumivu. Ukiichora ramani hiyo wakati upinzani unabadilika kila siku, utaichora tena wiki ijayo. Wengi waliona heri kungoja nchi itulie ndipo ipimwe.

Hoja hiyo ya pili, kwa maoni yangu, daima ilikuwa dhaifu kuliko ilivyosemwa. Ramani huchorwa upya mara kadhaa katika miezi ya kwanza hata kwa aliyengoja mwezi mzima. Lakini ratiba ikishakuwa desturi ya hospitali, haitafuti tena sababu.

Wakati huohuo, Maziwa Makuu

Siku tisa baada ya upasuaji wa Djourno na Eyriès, Ghana ilipata uhuru. Mwaka huohuo wa 1957 alifika Accra Mmarekani mweusi, Andrew Foster, akaanzisha shule ya viziwi. Foster alikuwa ameziwika akiwa na miaka 11 kwa homa ya uti wa mgongo, na mwaka 1954 akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza kupata shahada Gallaudet, chuo cha viziwi cha Washington. Alizunguka Afrika akifungua shule, Kongo ikiwemo, na lugha ya alama wanayotumia viziwi wengi wa Afrika inayotumia Kifaransa ina mizizi katika mafunzo yake. Alikufa tarehe 3 Desemba 1987 kwa ajali ya ndege nchini Rwanda, upande wa Gisenyi, kando ya Ziwa Kivu.

Kwa hiyo wakati Paris na Melbourne wanahangaika na waya, kiziwi wa eneo letu, akibahatika, alikuwa akipewa mikono. Sioni hilo kama jambo la kuhurumia. Mtoto aliyepata lugha ya alama akiwa mdogo amepata lugha kamili, na kifaa cha koklea hakijaondoa ukweli huo.

Kinachouma ni yaliyotokea hospitalini. Mwaka 1996, wakati nchi tajiri zikijadili kama mtoto apandikizwe kabla ya kufikisha miaka miwili, vita vilifika Lemera, katika milima ya Uvira, kaskazini mwa Minembwe. Tarehe 6 Oktoba hospitali ya Lemera, iliyojengwa na misheni ya Kipentekoste ya Uswidi, ilishambuliwa, wagonjwa na wahudumu wakauawa. Daktari wake mkuu, Denis Mukwege, alinusurika na mwaka 1999 akaanzisha hospitali ya Panzi huko Bukavu. Maelfu ya watu wa Fizi, Baraka na Uvira walivuka Ziwa Tanganyika hadi Kigoma, na kambi ya Nyarugusu ikafunguliwa mwaka huohuo wa 1996.

Sababu za uziwi hazikungoja amani. Homa ya uti wa mgongo, malaria kali na kwinini yake, sindano za gentamisini, masikio ya watoto yanayotoa usaha miaka nenda miaka rudi: haya muuguzi yeyote wa vilimani anayajua. Mengine, kama usaha, hayahitaji koklea ya umeme hata kidogo. Yanahitaji sikio likaushwe mapema na dawa sahihi.

Mwezi unakatwa: 2000 hadi 2015

Kilichoukata mwezi ni vitu viwili, na kila kimoja kilifungua fundo lake.

Fundo la kutojua lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1990, vilipokuja vifaa vinavyoweza kusikiliza. Elektrodi moja hutoa mpigo, ya jirani yake hunasa jibu la neva. Mgonjwa akiwa bado amelala kwa dawa ya usingizi, chumba cha upasuaji hujua kama neva imeitika. Kwa mtoto mchanga asiyeweza kusema nasikia au sisikii, vipimo hivyo humpa mtaalamu pa kuanzia kuchora ramani.

Fundo la ngozi lilifunguliwa na kisu chenyewe. Mwaka 2002 Gerard O'Donoghue na Thomas Nikolopoulos wa Nottingham walichapisha njia ya kumpandikiza mtoto kwa mkato mdogo. Vifaa navyo vilikuwa vimekuwa vyembamba. Mkato mfupi una damu ya kutosha, huvimba kidogo na hupona upesi, na sumaku mara nyingi inaweza kukaa mbali na mshono. Ikiwa ngozi ndiyo iliyokuwa sababu, na ngozi sasa haina shida, mwezi ni wa nini?

Miaka ya 2010 kliniki za Taiwan, Italia na kwingineko zilianza kupunguza: wiki mbili, wiki moja, kisha siku. Mwaka 2015 timu ya Abdulrahman Hagr huko Riyadh ilitoa taarifa ya wagonjwa waliowashiwa siku moja tu baada ya upasuaji. Ilikuwa imewezekana. Wengi wao walivaa koili bila tatizo kubwa la kidonda, na upinzani wa elektrodi zilizoamshwa mapema uliweza kufuatiliwa na kurekebishwa.

Msomaji asiishie hapo kwa shangwe. Walipolinganishwa waliowashiwa mapema na waliongoja, baada ya miezi kadhaa uelewa wao wa maneno kwa jumla ulikaribiana. Kuwasha kesho yake hakumpi mtu sikio bora la mwakani. Kunampunguzia wiki za wasiwasi, na kunampunguzia safari. Aidha, kuna wasiofaa: mwenye uvimbe mkubwa, mwenye ngozi nene inayozuia sumaku zisivutane, mwenye kizunguzungu au maumivu yasiyoisha, mwenye kidonda kinachotoa majimaji. Hao wangoje.

Ndiyo maana nasema faida ya kuwasha mapema ina anwani. Kwa mkazi wa Nottingham ni starehe. Kwa anayetoka mbali inaweza kuamua kama matibabu yatakamilika au la.

Muhimbili, 2017

Kwa miaka mingi serikali ya Tanzania iliwapeleka watoto India kwa upandikizaji. Juni 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, iliwapandikiza watoto watano wa kwanza nyumbani, na gharama ikashuka hadi chini ya nusu ya ile ya kupelekwa nje. Fedha ndizo zilizotajwa zaidi kwenye vyombo vya habari. Mimi naona lililo kubwa zaidi ni kalenda: mtoto anaweza kurudi kupimwa tena bila pasipoti, na tena, na tena.

Tazama sasa ramani ukiwa Minembwe. Kuteremka hadi Fizi na Baraka, mashua hadi Kigoma, kisha reli ya kati ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914, zaidi ya kilomita 1,200 hadi bahari. Ni njia ya wakimbizi wa 1996, ikirefushwa hadi mwisho wake. Upande wa pili ni ndege kwenda Bukavu, lakini Februari 2025 Bukavu na uwanja wake wa Kavumu viliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na nyanda za juu zenyewe hazijatulia tangu machafuko ya 2019.

Kwa familia ya huko ratiba ya zamani ilikuwa na ukatili wa aina yake. Mgonjwa angekaa mwezi mzima mjini akiuguza kovu, akila fedha, bila kusikia neno. Kisha angewashiwa siku fedha zinapoisha, akaondoka kabla ya ramani ya pili. Kinyume chake kuna kosa jingine: awashwe kesho yake, afurahi, apande mashua wiki hiyohiyo. Atafika nyumbani na ramani iliyochorwa wakati upinzani haujatulia, sauti zitakuwa kali au hafifu, mtoto atalitupa lile dude, na wazee watasema fedha zimepotea.

Njia ya busara ni kuwasha mapema na kubaki. Mwezi uleule uliokuwa mtupu ujazwe vipimo: siku ya kwanza, wiki ya kwanza, ya pili, ya nne, huku mama akifundishwa kubadilisha betri, kukausha kifaa na kuzungumza na mtoto akiwa amemtazama. Idadi ya siku za ugenini haipungui. Kinachobadilika ni kilichomo ndani yake.

Saa nyingine

Wakati madaktari wanabishana kuhusu siku moja au siku thelathini baada ya kisu, kuna saa nyingine inayokwenda kabla ya kisu, nayo haina huruma. Utafiti wa Anu Sharma na wenzake wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba ubongo wa mtoto aliyezaliwa kiziwi huipokea sauti vizuri zaidi akipandikizwa kabla ya miaka mitatu na nusu hivi, na baada ya miaka saba mlango unakuwa mwembamba sana. Kwa aliyeziwika kwa homa ya uti wa mgongo saa hiyo hukimbia zaidi: koklea inaweza kujaa mfupa ndani ya wiki au miezi, na ikishajaa elektrodi haina pa kupita. Uingereza, mwongozo wa NICE, taasisi ya viwango vya tiba, unataka mgonjwa wa homa hiyo apimwe usikivu, ikiwezekana kabla ya kutoka wodini, na isizidi wiki nne tangu awe na nguvu za kupimwa. Wiki nne hizi hazina uhusiano na zile za ngozi, lakini kwa mtoto wa Minembwe hizi ndizo zenye uzito.

Novemba 2017 FDA iliruhusu kwa mara ya kwanza ramani ya kifaa cha koklea kurekebishwa kutoka mbali, kwa intaneti. Aliyeko kijijini hufungua kompyuta, mtaalamu mjini husogeza viwango. Ruhusa hiyo ilikuwa na masharti mawili: mtumiaji awe na umri wa miaka 12 au zaidi, na awe ameshakitumia kifaa kwa miezi sita bila shida. Mtoto wa miaka mitatu aliyeshuka kutoka Minembwe hakuwemo. Miezi yake sita ya kwanza ilibaki kuwa ya kukaa karibu na mtu mwenye kompyuta na subira, awe amewashwa siku ya pili au ya thelathini.